Maji ya Sambaza Juu ya Jenerali

Kuna jenerali mmoja aliyewahi kuondoka Goma akinuka samaki, na mtu aliyemnukisha ni mimi. Haya, nimesema, mucheke kwanza mumalize ndipo niendelee, maana kila nikikaa mahali mtu akaanza na ile "Katembo, tuelezee ya jenerali", masikio yangu yanapata moto kama vile niliifanya jana, ingawa (nitasema ukweli wote) ndani ya aibu ile kuna kitu ambacho nikikikumbuka natembea kifua mbele mpaka watu wananiuliza nimepata kazi gani.

Mimi si mwanajeshi na sijawahi kuwa. Shule niliacha mapema, mwalimu alikuwa anatuchorea mito ya Kongo ubaoni nikaona afadhali niende kuiona yenyewe, na tangu hapo nimepakia viazi kwenye malori ya Butembo, nimeuza nguo za mitumba mtaani Birere, nimepaka rangi boti za ziwani, na kila mahali nilikuwa nakaa mpaka nijue kazi inakwenda namna gani, nikishajua tu miguu inaanza kuwasha. Wakati ule ndege zilikuwa zingali zinatua Goma, na upande wa jeshi kulikuwa na kikosi kidogo cha helikopta kilichotafuta kibarua wa kuteka maji, kufagia na kuosha matope. Niliingia kwa sababu nilitaka kujua kile chombo kinaruka vipi na hakina mabawa. Baada ya muda si mrefu nilikuwa nimeshajua (Ajida Bahati, mkuu wa mafundi, mtu wa Masisi mwenye mikono kama majembe, alinichorea kwa chaki sakafuni), lakini safari hiyo miguu haikuwasha. Nilibaki.

Walionibakisha ni watu. Pale marubani, mafundi, walinzi wa mafuta na mimi tulikula bugali na majani ya sombe kwenye sinia moja, Komanda wetu akiwemo, na ilikuwa jambo la kawaida Ajida kumwambia mbele ya wote, "Komanda, pale umekosea," na Komanda kujibu, "Nionyeshe." Wakubwa wengine wa jeshi waliopita pale waliona hiyo ni fujo. Wakapeleka habari juu kwamba kikosi cha Goma hakina nidhamu, kwamba vyeo vimechanganyika kama maharage na mchele, na dawa ni kukivunja, marubani waende Kisangani, mafundi Kinshasa, na vibarua warudi walikotoka. Ndipo tukasikia jenerali mmoja wa jeshi la anga anakuja mwenyewe kuangalia, na akiondoka atakuwa ameshaamua.

Kwa hiyo munaelewa tulivyokuwa. Mafundi waliosha mpaka matairi. Mimi nilikuwa silali vizuri, mtu ambaye hajawahi kulia kwa kuondoka mahali, sasa naogopa kuambiwa niondoke.

Basi siku hiyohiyo ya jenerali ilikuwa pia siku ya Luteni Neema. Luteni Neema alikuwa rubani wetu kijana, mwanamke mfupi, wa Beni, mwenye utani mkali, na siku hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kuongoza helikopta akiwa mkubwa wa safari, yeye ndiye aliyetumwa Beni kumchukua huyo jenerali. Na kikosi kilikuwa na desturi yake. Rubani akirudi kutoka safari ya kwanza ya ukubwa, anamwagiwa ndoo ya maji akishuka, mbele ya wote, na mwenye kumwaga si Komanda wala rubani mwenzake, ni mtu wa mwisho kuingia kikosini, yule wa chini kabisa. Walikuwa wanaita kubatiza. Nilimuuliza Ajida kwa nini wa chini, akanijibu huku anafuta mikono kwa kitambaa, "Kule juu rubani ni mungu mudogo, roho za batu ziko mukononi mwake. Akishuka, mutu wa chini anamukumbusha kama na yeye ni mutu." Na mtu wa mwisho kuingia, bila shaka, nilikuwa mimi. Hakuna aliyewahi kunipa kazi nikaifurahia namna ile.

Ajida alinipangia kila kitu. "Ndoo yako inakaa nyuma ya gari la zimamoto, na weye unakaa na ndoo. Jenerali anashuka, anasalimia, anaingia hanga ya helikopta kunywa soda. Ndiyo mimi navua kofia. Ukiona nimevua kofia, unaenda. Kabla ya hapo usisogee hata kidole. Umesikia?"

"Nimesikia, Ajida."

"Sema tena."

"Kofia ikitoka, naenda."

Mpaka hapo hakuna tatizo. Tatizo ni kwamba Ajida alikuwa ameniazima salopeti, lile vazi la mafundi ambalo suruali na koti vimeshonwa pamoja, ya rangi ya machungwa, ili siku hiyo nifanane na wenzangu, na nilipoivaa asubuhi niliona doa la mafuta kifuani, kubwa kama chapati. Nilijitazama kwenye kioo cha gari la zimamoto. Nikasema, Katembo, leo utasimama mbele ya jenerali na fanfari ya Katindo, wapiga tarumbeta wote wa kambi ya jeshi, na doa hili? Mabomba yalikuwa makavu tangu jana yake. Maji safi yaliyokuwepo ni bidoni moja tu, dumu la plastiki, ile niliyoiteka kwa ajili ya kumbatiza Luteni. Nikachukua kidogo nikasugua. Doa likasambaa. Nikachukua kidogo tena na sabuni, na sabuni nayo inataka kusuuzwa, na kusuuza kunataka maji (munajua namna hiyo), na nilipoinua kichwa salopeti ilikuwa safi kabisa na bidoni ilikuwa tupu kabisa, na huko angani, upande wa Munigi, nikasikia sauti ya helikopta.

Nilikimbia jikoni. Mama Kavira, mpishi wetu, alikuwa ametoka kuosha sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, za karamu ya jenerali, na maji yake yalikuwa kwenye beseni, ya kijivu, magamba yanang'aa juu yake.

"Mama, haya maji unayamwaga?"

"Nayamwaga. Unataka kuyanywa?"

"Nipatie."

Akanitazama, akaitazama salopeti iliyolowa, akatazama tena beseni. "Papa Katembo, mimi sikuulizi kitu," akasema. "Lakini nikiulizwa, sikukuona."

Nikajaza ndoo nikakimbilia nyuma ya gari la zimamoto, ambako walinzi wa mafuta walikuwa wamejipanga wakingojea mchezo. Harufu ikafika kabla yangu. Mmoja akasema, "Ni nani amekufa?" Mwingine akaziba pua akaniambia, "Katembo, tunakupenda lakini toka hapa, jenerali atafikiri ni sisi." Nikawaeleza Ajida amesema nisisogee, wakanijibu Ajida hajanusa. Wakanisukuma. Nikaenda kujificha nyuma ya mapipa ya mafuta, karibu zaidi na pale helikopta inapotua, na hapo nilijiona nimepata mahali pazuri kuliko pale pa kwanza, kwa sababu nilikuwa naona mlango wa rubani wazi mbele yangu. Kitu kimoja tu sikuweza kuona kutoka pale: Ajida na kofia yake.

Helikopta ikatua. Vumbi jeusi la volkano likafunika kila kitu, pangaboi likapunguza mwendo, likasimama. Nilikuwa nimechuchumaa na ndoo yangu, nasema moyoni, mkubwa wa safari anatokea mlango wa kushoto, mlango wa kushoto, mlango wa kushoto. Nao ukafunguka. Akashuka mtu mfupi, amevaa nguo za urubani, kofia kubwa ya rubani kichwani na kioo cheusi kimeshuka mpaka kidevuni. Mfupi kama Neema. Nikajiuliza kama Ajida ameshavua kofia. Nikajijibu kwamba lazima ameshavua.

(Baadaye nilielezwa. Jenerali alikuwa rubani enzi zake, na njiani alimwomba Luteni ampishe akae kiti cha mbele cha upande ule aangalie milima ya utoto wake, na Luteni akamkubalia, akaongoza safari kutoka kiti cha pili. Helikopta ilipotua Luteni alibaki ndani kuzima mitambo kwa utaratibu wake, kama inavyotakiwa.)

Nilitoka nyuma ya mapipa mbio, nikapiga kelele "Karibu duniani", ndiyo maneno ya desturi, na nikamwaga. Nilimwaga vizuri, hilo nalisema bila aibu, hakuna tone lililokwenda pembeni. Kisha yule mtu akainua kioo cha kofia taratibu, na nyuma ya kioo palikuwa na masharubu. Masharubu ya kijivu. Na sambaza moja, iliyomponyoka Mama Kavira, ilikuwa imelala begani pake kama cheo kipya.

Fanfari ya Katindo, ambayo ilikuwa imeambiwa ianze jenerali akikanyaga lami, ikaanza.

Ndoo ilinitoka mikononi, ikapiga lami, na kwa kuwa ilikuwa ya plastiki iliyochoka na jua ikapasuka vipandevipande. Mimi nikakimbia. Sikuamua kukimbia, miguu iliamua, ile miguu yangu ya kila siku, ikanipeleka moja kwa moja kwenye ukuta wa mawe unaotutenga na Birere, ikanipandisha mpaka juu, na huko juu seng'enge ikaikamata salopeti ya Ajida kwa nyuma, nikabaki nimening'inia, tumbo juu ya ukuta, kichwa Birere, miguu jeshini.

Na Birere, munaijua. Kabla sijapumua walikuwa wameshajaa chini yangu, wauza ndizi, wabadilisha pesa, watu wa moto, zile pikipiki za abiria, na moto zao.

"Huyu ameiba nini?" mama mmoja akauliza.

"Hajaiba, mikono haina kitu."

"Basi anakimbia bibi."

"Kaka," akasema kijana mmoja wa moto kwa upole, "nikupeleke wapi? Munigi? Shuka basi, abiria hapandi namna hiyo."

"Suruali yake imepasuka," mama akawaambia wengine, kama kwamba mimi sikujua.

Nikajaribu kuvuta, nikasikia kitambaa kinaendelea kupasuka, nikaacha. Nikageuza shingo kuangalia upande wa jeshi, na hapo ndipo aibu ikaniacha na kitu kibaya zaidi kikaingia. Jenerali alikuwa amesimama palepale, anachuruzika. Walinzi wake wameduwaa. Nikajua kikosi kimekwisha. Habari zote zilizopelekwa Kinshasa juu yetu, kwamba vyeo havijulikani, kwamba hakuna nidhamu, mimi nimezithibitisha kwa ndoo moja. Neema atapelekwa Kisangani, Ajida Kinshasa, sinia litabaki bila watu, na yote kwa sababu ya doa.

Ajida ndiye aliyesogea wa kwanza. Nilifikiri anakwenda kupiga magoti. Hata hakumkaribia jenerali. Aliangalia lami, akaona vipande vya ndoo vimetapakaa chini ya helikopta pamoja na magamba na changarawe nilizozirusha kwa miguu yangu, na helikopta ile ilikuwa inangojewa Walikale kuchukua wagonjwa. Lazima mujue kwamba kwenye Goma yetu hii, iliyojengwa juu ya mawe ya volkano, kajiwe kama punje ya mahindi kakivutwa na injini ni vifo vya watu, na kwa hiyo kabla injini haijawashwa kikosi kizima kinapanga mstari mmoja, bega kwa bega, kinatembea kimeinama kuokota kila kitu. Kila mtu ana nafasi yake, Komanda mwisho mmoja na mtu mpya mwisho mwingine, upande wa ukuta.

Ajida akasimama mahali pake. Akaja fundi mmoja, akaja mwingine, walinzi wa mafuta wakatoka nyuma ya zimamoto, Luteni Neema akashuka, akaona, akavua kofia yake akaingia mstarini. Komanda akampigia jenerali saluti, akasema neno ambalo sikulisikia, na akaenda mahali pake pia. Hakuna aliyepaza sauti. Mstari ukanyooka, lakini hawakuinama. Walisimama tu, na mwisho wa mstari, upande wangu, waliacha nafasi ya mtu mmoja.

Ajida akageuka akaniona. "Katembo," akaita, sauti ileile ya kila siku, "shuka. Tuko tunakungojea."

"Nimenasa, Ajida."

"Wapi?"

"Kwenye salopeti yako."

Akafunga macho kidogo. Kisha mafundi wawili wakaleta ngazi ile ya kupandia kwenye injini, wakanitoa kwenye seng'enge kama nguo iliyosahaulika, na huko Birere watu wakapiga makofi (kijana wa moto akasema, "Basi si Munigi tena"). Nikatembea mpaka mahali pangu na mkono mmoja nyuma kwa sababu munazozijua. Mstari ukainama. Tukaanza.

Hatujafika mbali nikahisi mtu ameingia kushoto kwangu, mahali ambapo hapakuwa na mtu, na kabla ya kumwona nilimnusa. Alikuwa ameinama kama sisi, anaokota. Akaokota kipande cha ndoo, akaokota gamba, akaliangalia. Kisha akauliza bila kuinua kichwa:

"Yale maji yalikuwa ya nini?"

"Ya sambaza, mon général."

Akaokota gamba lingine.

"Sambaza zenyewe zilikuwa safi?"

"Sambaza zilikuwa safi, mon général. Maji ndiyo hapana."

"Na ni nani ulitaka kumwagia?"

"Luteni Neema. Ni safari yake ya kwanza ya ukubwa. Kwetu hapa mutu wa mwisho kuingia ndiye anabatiza."

"Kwetu hapa," akasema, kama mtu anayeonja chakula. "Weye ni mwanajeshi?"

"Hapana, mon général. Mimi nateka maji."

Akatoa sauti fulani puani. Nikadhani anakohoa. Mabega yalikuwa yanatikisika, na sikujua hata kidogo nifanye nini na jenerali anayetikisika, kwa hiyo nikaendelea kuokota.

Tulipofika mwisho wa lami akanyoosha mgongo, akageuka kwa Komanda. "Nani ametoa amri ya kupanga ule mustari?"

"Hakuna mutu, mon général."

"Na amri ya kungojea huyu wa ukutani?"

"Hakuna mutu. Tunaanza tukiwa wote."

Jenerali akatazama mstari kutoka mwisho huu hadi ule. Maji yalikuwa yangali yanadondoka kwenye masharubu yake. "Nimetembelea vikosi ambavyo nikifika kila mutu anasimama wima kama mulingoti," akasema, "na nyuma yangu jiwe liko palepale kwenye lami. Niliambiwa hapa nidhamu hakuna. Hapa nimemwagiwa maji ya samaki, na hakuna mutu ameacha kazi yake kunipangusa." Akamgeukia msaidizi wake, aliyekuwa amesimama mbali kidogo kwa sababu ya harufu. "Kikosi hiki hakigawanywi. Andika hivyo, nitasaini sasa hivi, na nikiwa nanuka vilevile, wajue nilikuwa hapa."

Sitaweza kuwaeleza kelele zilizofuata. Walinzi wa mafuta walinibeba, wale walionifukuza, wakisahau suruali yangu ilivyo. Fanfari ikapiga tena bila kuambiwa. Birere nzima ikashangilia ukutani, na nina hakika hakuna hata mmoja wao aliyejua anashangilia nini. Ajida hakushangilia, alikuwa amekaa juu ya pipa, mikono yake ile kama majembe imefunika uso, na alipoiondoa macho yalikuwa mekundu akasema ni vumbi.

Ndipo Luteni Neema akapiga hatua mbele, akasimama wima. "Mon général, nina malalamiko."

Walinzi wa mafuta wakanishusha chini.

"Maji yale yalikuwa yangu. Nimefanya kazi miaka kuyangojea, na ninyi mumeyachukua."

Jenerali akamtazama, akatazama nguo zake mwenyewe. "Ni kweli," akasema. "Munisamehe, Luteni. Mutu wa maji, kuna mengine?"

Hayakuwepo mengine isipokuwa yaliyobaki kwenye beseni, na Mama Kavira alikuwa ameshayaleta mwenyewe, ameyashika mbali na kanga yake. Luteni akainama akayachungulia, akanusa, akafumba jicho moja. "Ni yaleyale?"

"Ni yaleyale, Luteni," nikasema.

"Basi mwaga. Nisinuke kidogo kuliko mukubwa wangu."

Nikachukua beseni. Jenerali mwenyewe akavua kofia, Ajida akavua yake, Komanda yake, zote, mpaka za watu wa fanfari, ili pasiwe na shaka tena juu ya kofia. Na mimi nikaenda taratibu, kwa mbele, nikasimama uso kwa uso na Luteni Neema nikamuuliza, "Ni weye kweli?"

Akasema, "Ni mimi, Katembo."

Nikamwaga.

Kwa hiyo hii ndiyo ahadi niliyojiwekea, na sijaivunja mpaka leo: sichukui tena maji ya mtu mwingine kusafishia kifua changu, na simmwagii mtu kitu chochote, hata sifa, kabla sijamwona uso. Salopeti niliishona mwenyewe kwa uzi mweusi, ndio uliokuwepo, na nilipoirudisha Ajida aliigeuza, akaangalia nyuma ile mishono yangu iliyopinda, akanirudishia. "Vaa," akasema. "Kesho asubuhi uko mwisho wa mustari."